Mlinganyo mmoja, majibu matatu: pale thamani ya mwanzo isipojulikana sawasawa

Parachichi la Hass linalovunwa Rungwe au Njombe kwa ajili ya soko la nje halipakiwi kwenye kontena likiwa bado na joto la shambani. Kwanza huingizwa kwenye chumba cha baridi mpaka kiini chake kikaribie nyuzijoto 6 hivi. Likipozwa kupita kiasi, nyama yake hugeuka nyeusi; likichelewa kupoa, huanza kuiva njiani. Swali la msimamizi wa chumba basi si gumu kulitamka: tunda lililoingia saa mbili asubuhi, ikifika saa kumi na mbili jioni litakuwa na joto gani?

Kanuni ya Newton ya kupoa inasema kwamba kasi ya joto kushuka inalingana na tofauti kati ya joto la tunda na joto la chumba. Joto la kiini tuliite J, la chumba C, na kasi ya badiliko la joto kwa saa tuiandike J′. Tunapata:

J′ = −0.2(J − C)

Hiyo 0.2 nimeichagua kwa ajili ya mfano. Chumbani kwenyewe hutegemea ukubwa wa tunda, nguvu ya feni na jinsi kreti zilivyopangwa. Huu ni mlinganyo wa difrensho, yaani mlinganyo usiokutajia joto lenyewe bali unakueleza joto linabadilikaje. Peke yake hautoshi, kwa sababu matunda mengi tofauti yanaweza kuutii. Ukiongeza thamani ya mwanzo, kwa mfano J = 24 saa sifuri na C = 6, mambo yote yanayofuata yanakuwa yameshaamuliwa. Baada ya saa 10 kiini kitakuwa na nyuzijoto 8.44, basi. Émile Picard na Ernst Lindelöf, mwishoni mwa karne ya 19, walionyesha kwamba mlinganyo wenye tabia nzuri ukipewa thamani ya mwanzo una jibu moja tu: haukosi jibu, wala hauna mawili.

Sasa tukiangalie kipimajoto chenyewe. Kimeandikwa kwamba kinaweza kukosea nyuzi 2 juu au chini. Kwa hiyo 24 uliyoisoma ina maana ya namba fulani iliyoko kati ya 22 na 26. Tunaiandika [22, 26] na kuiita intavali. Angalia kwamba intavali haisemi 24 ina nafasi kubwa kuliko 22.3. Inataja mipaka miwili, inanyamaza. Anayetaka kujua ipi ina uwezekano zaidi aende kwenye elimu ya uwezekano. Huku tunaulizia mipaka tu.

Msomaji mwepesi atasema: si upige hesabu mara mbili, moja ukianza na 22 na nyingine ukianza na 26, halafu uchukue kilichoko katikati? Ni kweli, na kwa parachichi njia hiyo inatosha kabisa. Ndiyo sababu nimechagua mfano huu: jibu la kweli tunalijua mapema, kwa hiyo tunaweza kuwapima wanahisabati nalo. Ila haitoshi kila mahali. Kuna milinganyo ambayo jibu lake baya kuliko yote hutokea katikati ya intavali na si kwenye ncha, na kuna mifumo yenye namba 30 zisizojulikana sawasawa, ambapo kujaribu kila mchanganyiko wa ncha ni zaidi ya hesabu bilioni moja. Ndipo likaja wazo la kuichukua intavali nzima kama namba moja na kuandika mlinganyo wake moja kwa moja.

Hesabu za intavali zilipata umbo lake la kisasa mikononi mwa Mmarekani Ramon Moore, aliyetoa kitabu chake mwaka 1966 akiwa na shida ya makosa ya kukadiria ndani ya kompyuta. Kujumlisha hakuna taabu: [1, 3] + [2, 5] = [3, 8]. Balaa liko kwenye kutoa. Kanuni inadai uchukue kila namba ya kwanza utoe kila namba ya pili, kwa hiyo [22, 26] − [22, 26] haiwi sifuri, inakuwa [−4, 4]. Kanuni haijui kwamba tunda ni lilelile pande zote mbili. Inadhani ni matunda mawili yasiyojuana.

Na kasi ya badiliko, kama tulivyofundishwa kidato cha tano, ni kutoa: joto la baadaye kidogo, utoe joto la sasa, ugawe kwa muda uliopita. Jaribu hivyo kwa tunda ambalo halibadiliki joto hata kidogo. Juu unapata [−4, 4], chini muda unaozidi kuwa mdogo, na matokeo yanapaa bila kikomo. Tunda limetulia, hesabu inasema kasi yake haina mwisho. Kwa maneno mengine, huwezi hata kuanza kuandika J′ mpaka kwanza ukubaliane na mtu juu ya maana ya kutoa.

Mjapani Masuo Hukuhara alitoa njia mwaka 1967. Badala ya kuuliza "A ukitoa B ni ngapi," aliuliza: ni intavali gani nikiijumlisha na B itanipa A? Kwa namna hiyo A ukitoa A ni sifuri, kama inavyotakiwa. Sharti lake ni moja: A isiwe nyembamba kuliko B, kwa sababu kujumlisha hakujawahi kupunguza upana. Sharti hilo linaonekana dogo mpaka ulipeleke kwenye kasi ya badiliko. Ikiwa joto la baadaye ukitoa joto la sasa lazima liwepo, basi joto la baadaye haliwezi kuwa na upana mdogo kuliko la sasa. Yaani kutojua kwetu hakuruhusiwi kupungua, kamwe.

Tuone hilo linafanya nini chumbani. Tuseme C ni 6 kamili, na tuhesabu kiasi ambacho tunda linazidi joto la chumba: mwanzoni ni [16, 20], kati yake 18, nusu ya upana wake 2. Kwa njia ya Hukuhara, namba ya kati inashuka vizuri kama ilivyotegemewa, lakini upana unakua kwa kasi ileile ambayo joto linashuka. Baada ya saa 10 nusu-upana imetoka 2 hadi karibu 14.8, na jibu linasema kiini cha tunda kiko kati ya nyuzijoto −6.3 na 23.2. Parachichi lenye barafu ndani ya chumba chenye nyuzijoto 6! Hesabu haina kosa hata moja. Kilichokosewa ni maana iliyopewa mlinganyo.

Mwaka 1979 Svetoslav Markov wa Bulgaria alikuwa ameshafungua mlango wa pili, na mwaka 2009 Luciano Stefanini na Barnabás Bede wakaupanua katika makala ambayo hadi leo wanaoshughulikia jambo hili huirejea. Wazo lao: kama B ndiyo pana kuliko A, basi geuza swali. Tafuta intavali ambayo ukiitoa kwenye A, kwa ile kanuni ya kwanza ya kutoa, utapata B. Kutoa sasa kunawezekana daima kwa intavali zozote mbili, na kasi ya badiliko inakuwa na aina mbili. Katika aina ya kwanza upana unakua au unabaki palepale. Katika aina ya pili upana unapungua au unabaki palepale. Ukiuomba mlinganyo wetu wa parachichi jibu la aina ya pili, nusu-upana inashuka sambamba na joto, na baada ya saa 10 unapata [8.17, 8.71]. Hilo ndilo jibu la kweli, lilelile ambalo ungepata kwa kupiga hesabu mara mbili.

Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Ila tazama gharama yake. Lile jibu la nyuzijoto −6.3 halijafutwa. Bado ni jibu halali la mlinganyo uleule wenye thamani ya mwanzo ileile. Tulikuwa na nadharia iliyoahidi jibu moja, sasa tuna mawili. Na si mawili tu, kwa kuwa hakuna kinachokataza jibu kwenda kwa aina ya pili mpaka saa ya tatu, likageukia aina ya kwanza, kisha likarudi. Kila mahali pa kugeukia ni jibu jipya. Mlinganyo wenyewe hauchagui. Anayechagua ni wewe, na unachokichagua ni dai juu ya dunia: je, kadiri muda unavyokwenda, kutojua kwetu kunapungua au kunaongezeka?

Hapa ndipo mjadala unaponoga, na ndipo maandiko mengi ya somo hili yanapopita mbio. Turuhusu joto la chumba nalo lisijulikane sawasawa: mlango unafunguliwa, mashine inazima na kuwaka, tuseme C = [5, 7]. Jibu la kweli, kwa kujaribu ncha zote, ni kwamba baada ya saa 10 kiini kiko kati ya 7.30 na 9.57. Nusu-upana inaanza kwenye 2 na kushuka taratibu kuelekea 1, ambayo ndiyo nusu-upana ya joto la chumba. Inaingia akilini: tunda hatimaye linasahau lilikoanzia, halisahau chumba lililomo.

Sasa andika mlinganyo uleule kwa namna tatu. Kwa namba za kawaida ni kitu kimoja, mwanafunzi wa sekondari atakuhamishia vipande kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kufikiri.

J′ = −0.2J + 0.2C. Upande wa kulia, upana wa J na upana wa C vinajumlishwa. Jibu la aina ya pili linapunguza nusu-upana kwa kasi kupita kiasi, mpaka inagonga sifuri baada ya saa tano na nusu hivi. Hapo jibu linakufa. Haliwezi kuendelea na aina hiyo. Kabla ya kufa linadai kwamba sasa tunajua joto la tunda kwa uhakika kamili, ilhali joto la chumba lenyewe hatulijui. Upuuzi.

J′ + 0.2J = 0.2C. Hapa upande wa kushoto una upana wa J′ juu ya upana wa 0.2J, na jumla hiyo lazima iwe sawa na upana wa kulia. Lakini kwa thamani yetu ya mwanzo, 0.2J peke yake imeshazidi 0.2C kwa upana. Hakuna jibu, la aina ya kwanza wala ya pili. Mlinganyo umefunga mlango.

J′ − 0.2C = −0.2J. Aina ya pili inatoa nusu-upana inayoshuka kutoka 2 kuelekea 1, na baada ya saa 10 inatoa [7.30, 9.57]. Jibu la kweli, hadi tarakimu ya mwisho.

Usikimbilie kusema namna ya tatu ndiyo sahihi. Badilisha thamani ya mwanzo, tumia kipimajoto kizuri kinachokosea nusu nyuzi tu. Sasa tunda linajulikana vizuri kuliko chumba, kutojua kunaongezeka kutoka nusu kuelekea 1, namna ya tatu inakosa jibu, na ile ya pili, iliyokuwa imefunga mlango, inatoa jibu la kweli kwa aina ya kwanza. Namna ya kuandika na thamani ya mwanzo haviachani. Mtu akikuletea mlinganyo wa intavali bila kukueleza kwa nini ameuandika upande ule na si huu, bado hajakuletea swali lililokamilika.

Kuna hali nyingine inayofanya mahali pa kugeukia paache kuonekana kama uchawi. Rudi kwenye kipimajoto cha kwanza, chumba kikiwa bado [5, 7], na tuseme hata ile 0.2 hatuijui, iko kati ya 0.15 na 0.25, maana kreti za katikati hazipati upepo kama za pembeni. Tunda linaloweza kupoa haraka linakimbia chini, linaloweza kupoa polepole linabaki juu, na upana unafunguka kutoka 4 hadi kama 6.2 ilipofika saa ya nne. Baada ya hapo yote mawili yanakaribia joto la chumba, na upana unaanza kufunga: baada ya saa 10 ni [6.40, 11.24]. Jibu la kweli limeanza kwa aina ya kwanza, likageuka saa ya nne, likaendelea na aina ya pili. Hakuna aliyelilazimisha ligeuke pale. Zimeamua sifa za chumba na tunda.

Si kila kitu Nyanda za Juu Kusini kinapoa, na penye ukuaji aina ya kwanza inarudi na heshima yake. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya aliyeingia Tanzania mwaka 2014 na ambaye wakulima wa Ilula hawahitaji kutambulishwa kwake, huongezeka kwa kadiri ya waliopo. Ukiwa huna uhakika kama shambani wako 100 au 300, wiki chache baadaye tofauti kati ya mipaka yako miwili imekua mara zilezile walizozaliana wao. Jibu la aina ya pili lingedai kwamba kadiri wadudu wanavyoongezeka ndivyo unavyozidi kujua idadi yao, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona shambani.

Bwawa la Mtera liko hivyo pia, ila kwa mwendo mwingine. Linapokea Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo, linaendesha mitambo ya megawati 80 na kuitunzia maji Kidatu iliyo chini yake. Ujazo wake hubadilika kwa maji yanayoingia kutoa yanayotoka. Tuseme kipimo cha mtoni kina wasiwasi wa mita za ujazo 10 kwa sekunde kati ya mpaka wa chini na wa juu. Kila siku inayopita inaongeza mita za ujazo 864,000 kwenye upana wa hesabu yako, mfululizo, bila kupungua. Dawa iko kwenye rula ya kina cha maji na si kwenye nadharia: kila unapoisoma unapata thamani mpya ya mwanzo, upana unarudi mdogo, swali linaanza upya.

Mpaka hapa tumekuwa na kitu kimoja kinachobadilika. Vikiwa viwili, linazuka jambo ambalo Moore mwenyewe aliliona mapema. Chukua kitu kinachobembea, chenye mahali na mwendo. Ukivichora pamoja kwenye karatasi, eneo la uwezekano linazunguka tu. Halikui wala halipungui. Lakini intavali mbili zinajua kuchora mstatili uliosimama wima peke yake. Mstatili ukizunguka kidogo unakuwa umeinama, na ili kuufunika kwa mwingine uliosimama lazima huo mpya uwe mkubwa. Hatua inayofuata, tena. Ni kama kuhamisha viazi kutoka lumbesa moja kwenda nyingine, kila mara ukilazimika kutafuta gunia kubwa zaidi, na viazi ni vilevile. Kufanya hatua ziwe fupi hakusaidii: hata zikiwa ndogo kabisa, mzunguko mmoja tu unakuza kila upande wa mstatili karibu mara 535. Rudolf Lohner, katika miaka ya 1980, alipunguza tatizo hili kwa kuzungusha mhimili wa kuchorea pamoja na eneo lenyewe, ili mstatili usilazimike kusimama wima kila hatua.

Kwa njia za ukoo huohuo Warwick Tucker alithibitisha mwaka 1999 kwamba umbo la ajabu ambalo Edward Lorenz alilikuta katika milinganyo yake ya hewa mwaka 1963 lipo kweli, wala si kiinimacho cha kompyuta. Lilikuwa swali la 14 katika orodha ya Steve Smale ya maswali ya karne hii. Kompyuta ilikokotoa, na kila kosa la kukadiria likafungiwa ndani ya intavali.

Lakini Tucker hakuhitaji kasi ya badiliko ya Hukuhara wala ile ya Stefanini na Bede. Yeye, Lohner na Moore wanaamini kuna namba moja ya kweli iliyojificha, yenye mlinganyo wa kawaida na jibu moja, na kazi ya intavali ni kuizungushia uzio. Wale wengine wanaichukua intavali yenyewe kuwa ndiyo kitu kinachobadilika. Kwa maoni yangu parachichi moja lenye kipimajoto kibovu ni la kambi ya kwanza, na anayeipelekea tatizo hilo kambi ya pili anajitafutia majibu matatu bila sababu. Kambi ya pili inaanza kuwa na maana pale upana wenyewe ni kitu halisi, kama kreti zilizopangwa mpaka juu ambamo tunda la pembeni lina nyuzijoto 8 na la katikati 14 kwa wakati uleule. Hapo hakuna joto moja lililojificha la kutafuta. Ukitaka mlinganyo wa upana huo, lazima uamue kwanza, kabla ya kugusa kalamu, kama feni za chumba kile zinaukuza au zinaupunguza.